Macho ya Asali

Kahawa nauza mimi, benchi ni la mume wangu anayenyoa watu kibandani hapo nyuma yangu, na mdomo ni wa Spana na Daktari, wateja wasiokauka. Leo sina raha. Mama mkwe yuko njiani kuja kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, na mwanangu huyu mgongoni ana macho ya rangi ya asali, na mimi yangu meusi, na ya baba yake meusi tii, na mawifi wameshaanza kunong'ona, na kahawa naimwaga nje ya vikombe.

— Shemeji, tulia, akasema Spana, fundi baiskeli. Ulipokuwa na mimba ulimtazama sana paka.

— Paka wapi! Ni hizi taa nyeupe, akadakia Daktari, muuza miswaki ambaye hajawahi kutibu hata kuku. Zinafubaza rangi. Si unaona mapazia?

— Mtoto ni pazia?

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa gani sasa?

— Wa taa!

Nikashindwa kunyamaza. Nikawamwagia yote kwa pumzi moja, kwamba tulisoma kidato cha nne, mtu anarithi jeni mbili mbili, moja ya baba moja ya mama, na ya weusi ikiwepo inaifunika ya asali, lakini ya asali haifi jamani, inajificha tu, hata vizazi viwili vitatu, sasa baba akiwa nayo kifichoni na mama akiwa nayo kifichoni, mtoto anaweza kuzipata zote mbili, ndiyo hivyo, sijafanya kitu mimi!

Spana akakuna kichwa.

— Yaani macho yalilala kwa baba, yakalala kwa mama, yakaamkia kwa mtoto?

— Ndiyo!

— Na yakilala, yanakoroma?

Walikuwa bado wanacheka mama mkwe aliposhuka kwenye pikipiki. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alimfunua mtoto mgongoni kwangu, wakatazamana.

— Mama yangu huyu, akasema polepole. Alinifia nikiwa kigori. Macho ni haya haya.

Spana akampisha benchini bila kuambiwa. Bibi akaketi, mjukuu mapajani, akatugeukia.

— Hebu niambieni nyie mnaojua. Siku zote hizi alikuwa wapi?

Spana akamtazama Daktari. Daktari akachungulia kikombe chake kitupu. Na mimi, niliyejua yote sasa hivi, nikainua birika nimmiminie mama. Halikutoa hata tone.