Slavka Hribernik, Fundi Aliyeogopa kwa Niaba Yetu

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Slavka Hribernik, fundi mkuu wa Klabu ya Baiskeli ya Podgrič, atavua aproni yake yenye madoa ya grisi na kuitundika kwa mara ya mwisho. Klabu imeniomba mimi Drejc, dereva wa gari la timu, niandike machache juu yake. Nimekaa na Slavka garini muda mrefu kuliko nilivyokaa na mke wangu mezani, kwa hiyo naweza kusema bila kumung'unya maneno: mama huyu ni mwoga. Kila baiskeli iliyotoka mikononi mwake, aliiogopea hadi irudi.

Alianza kwa kuosha baiskeli kwenye karakana yetu ya zamani, nyuma ya kiwanda cha mbao. Alipofanywa fundi mkuu, wapo waliocheka kwamba mwanamke atakazaje skrubu. Hawakucheka muda mrefu. Timu kubwa zilimwita mara kadhaa, akakataa. "Mkate wao wa jozi haufai," alisema, na kweli wa kwake, uliojaa kokwa za jozi, tuliugombania kila Jumapili, ingawa alitufokea tusiushike kwa mikono ya grisi, na yake ndiyo iliyokuwa michafu kuliko yote.

Lakini nikitaka mumjue Slavka, lazima niwapeleke kwenye mlima wa Vršič, masika yale ambayo theluji ilichelewa kuyeyuka.

Tjaša Koritnik alikuwa mpanda mlima wetu bora, binti mwenye maneno makali na miguu mikali zaidi. Mwezi wa Machi, alipokuwa akishuka kutoka gia kubwa ya mbele kwenda ndogo, cheni ilidondokea ndani, ikajikaba kati ya gia na fremu. Akaanguka, akavunjika mfupa wa bega. Aliporudi hakutaka tena kugusa wenzo wa kushoto, ule unaobadilisha gia za mbele. Alipanda milima na gia kubwa hadi magoti yakamuuma.

Slavka aliishughulikia baiskeli hiyo kana kwamba ni mgonjwa wake. Kile kibano kinachosukuma cheni kutoka gia moja ya mbele hadi nyingine, alikipandisha kikae juu ya meno ya gia kubwa kwa nafasi ya unene wa sarafu. Alikinyoosha kiende sambamba na gia. Akarekebisha skrubu inayozuia cheni isivuke upande wa ndani, akabadilisha waya. Baiskeli ikining'inia karakanani, gia ziliingia laini kama kisu kwenye siagi. Barabarani, mara moja moja, cheni ilidondoka.

"Woga wa kichwani huo," alisema kocha wetu, Rajko. "Baiskeli nzima. Mwenyewe ndiye mbovu."

"Kosa ninaloliona silihofii, Rajko," Slavka alijibu. "Hili linajificha. Linanitisha."

Siku ya mashindano tulipanda Vršič kutoka upande wa Trenta. Mvua nyembamba, ukungu, baridi ya kuuma masikio. Kwenye kona za mwanzo Tjaša aliinua mkono: cheni imedondoka tena. Slavka alichomoka garini kabla sijasimama vizuri. Akairudisha cheni. Kidole chake kikiwa bado kwenye kibano, Tjaša, kwa pupa, akakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote.

"Nisukume, shangazi! Nisukume, wanakwenda!"

Akaondoka. Slavka alirudi garini, uso umempauka.

"Kibano kimesogea," alisema. "Hajagusa wenzo, na kimesogea chini ya kidole changu. Fremu imepasuka kwenye bomba la kiti, pale kilipofungwa, ndani, chini ya rangi. Akikanyaga inajipinda, cheni inatoka."

Rajko aligeuka. "Una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana naogopa."

Baada ya kilele kuna mteremko wa kwenda Kranjska Gora, na kona zake zimetandikwa mawe. Bomba la kiti likikatika pale, kwa mwendo ule, mtu havunjiki bega tu.

Nilikanyaga mafuta. Hatukufika mbali. Wasichana wanne walikuwa wameangukiana mbele yetu, magari yamejipanga nyuma yao, na mwamuzi amenyoosha mkono hapiti mtu. Rajko alimwita Tjaša kwenye redio, ikakoroma tu; mlima ule humeza sauti.

Slavka alishuka. Akaifungua baiskeli ya akiba juu ya gari, akaitia begani.

"Unakwenda wapi, mwanamke?" Rajko alipiga kelele.

"Barabara inajizungusha. Msitu haujizungushi."

Akapotelea kwenye miti. Yaliyofuata alitusimulia mwenyewe, kwa kifupi, maana hapendi kuyasimulia. Njia ilikuwa matope na mizizi, juu zaidi theluji ikamfika magotini. Alianguka mara nyingi, kila mara akiinua baiskeli isiguse jiwe. Alipotokea barabarani hakujua kama Tjaša ameshapita. Alisimama kwenye ukungu akisikiliza. Wakapita wawili, si yeye. Akapita mmoja, si yeye. Akaanza kulia, alisema, kwa sauti, kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Kisha Tjaša akaibuka, akiwa wa nne, miguu ikimwenda vizuri kuliko siku zote.

"Toka njiani, shangazi!"

"Shuka!"

"Nawakamata! Umechanganyikiwa?"

"Shuka, mwanangu. Nitukane tukifika chini."

Alishuka, na akamtukana hapohapo. Baiskeli ya akiba ilikuwa kubwa kidogo kwake. Alimaliza wa kumi na saba, akaingia garini akabamiza mlango.

Jioni, karakanani, Slavka alifungua kibano na kuikwangua rangi. Hakukuonekana kitu. Tjaša alicheka kwa uchungu, Rajko akatazama dari. Slavka aliisimamisha baiskeli sakafuni. Akamwambia Rajko ashike mbele, mimi nyuma, akaweka mguu kwenye pedeli na kuegemea kwa uzito wake wote. Bomba lilitoa mlio mdogo, kama mfupa wa kuku, likafunguka. Mtu angeweza kupitisha kidole.

Tjaša alitoka nje. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Slavka, akaweka kichwa kwenye ile aproni chafu, na Slavka akamshika bila kujali grisi kwenye nywele zake. Wiki ile, kwenye fremu mpya, Tjaša alibadilisha gia ya mbele kwa mkono wa kushoto, akapiga yowe hadi ng'ombe wakakimbia malishoni. Leo ana watoto wawili, na ameomba akae meza ya mbele kwenye sherehe.

Kama zawadi, klabu imemnunulia Slavka baiskeli ya kisasa yenye gia moja tu mbele, isiyo na kibano, isiyo na cha kumnyima raha. Tulimwonyesha jana kwa siri. Aliizunguka, akainama, akaishika cheni kwa vidole viwili.

"Hii," aliuliza, "ameikaza nani?"

Asante, Slavka, kwa kila mtoto wetu aliyerudi nyumbani mzima. Nenda salama, ukae kwa raha. Sasa ni zamu yetu kuogopa.