Jani la Malkia

Gari lilikuwa halijatoka vizuri Ekerenyo kijana aliyeketi mbele yangu alipokunjua mchoro wa bango la filamu yake mapajani mwa mama asiyemjua. Alikuwa akilipeleka Kisii kuchapishwa, na alitaka sifa njiani.

"Ona, mama. Anga la zambarau, jitu la mawe nyuma, malkia mbele. Jicho linaanza kwenye ile nuru mkononi mwake."

"Langu limeanza hapo, likakwama hapo," mama akasema. "Ameshika nini?"

"Jani la chai lenye uchawi."

"Hilo ni jani kuukuu, kijana. Sisi huchuma majani mawili na chipukizi. Karani wa kituo cha kupimia chai angemrudisha malkia wako nyumbani na kikapu chake."

"Hii ni ndoto tu, mama. Hata hilo jitu halipo."

"Jitu sijawahi kuliona, kwa hivyo silibishii. Na nani wataitazama filamu?"

"Watu wa Ekerenyo, Jumapili."

"Wachuma chai," mama akasema, akamrudishia bango kama mtu anayetoa rambirambi. Mimi nilikuwa nimeshalisifu moyoni.

"Jani moja linaonekana kwa mbali," kijana akashikilia. "Yakiwa matatu yatafanana na nyasi."

"Nyasi gani? Ongeza nuru."

Gari likasimama Kisii. Kijana akashuka, akapiga hatua mbili kuelekea duka la kuchapisha, kisha akarudi dirishani. "Bado nasema ni nyasi," akasema. "Lakini hilo chipukizi, mama, hukaa katikati au pembeni?"

Mama alikuwa ameshainua vidole vitatu.