Ng'ombe wa Gurbachan

Mchungaji, wazee wa ukoo, akina mama, majirani wetu wa Njoro, na nyinyi mliotoka Kuresoi kwa lori ya viazi mkifunikwa na vumbi mpaka kope, familia imenituma nisimame hapa niwasomee maisha ya ndugu yangu Ezekieli Kiplangat arap Chumo, na naomba mnivumilie, kwa sababu mtu huyu hakuishi maisha ya kusomwa haraka haraka, na atakayechoka akae, nyasi ni nyingi.

Marehemu alizaliwa Kuresoi mwaka wa 1931, mwaka wa nzige, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kipchumo na mama yetu mpendwa, ambaye mnamwona hapa mbele amejifunika blanketi, na ambaye husema kwamba nzige wale walimaliza mtama, wakamaliza majani, wakamwachia huyu mtoto peke yake, naye hajawahi kulalamika kuhusu hesabu hiyo.

Aliingia shule ya misheni karibu na Londiani mwaka wa 1940, akasoma mpaka darasa la nne, na mwaka wa 1945 baba alipougua mgongo ikabidi arudi nyumbani kuchunga, lakini kusoma alijua, Biblia alikuwa anaisoma bila kukwama, isipokuwa yale majina marefu ya Mambo ya Nyakati, hayo aliyakwepa kama dereva anavyokwepa shimo.

Mwaka wa 1946 aliandikwa kazi ya kukamua kwa mzungu mmoja upande wa Molo, na mwaka wa 1950 akahamia shamba la ngano hapa Njoro akiendesha trekta, na ni huko alikopata ule ugonjwa wake wa kusikiliza injini, kwa maana unaweza kuwa unazungumza na Kiplangat habari za mahari ya dada yako, gari ipite barabarani, umwone ameinua kidole, ametulia, halafu akuambie valvu ya tatu imechoka. Mwezi wa Aprili 1954 aliajiriwa na Bwana Gurbachan Singh, aliyekuwa na gereji nyuma ya stesheni ya Nakuru, na hao wawili, jamani, walipatana namna ya ajabu, kwa sababu walikuwa wanapigiana kelele tangu asubuhi juu ya spana na nati, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ni bure kabisa, halafu saa nne ikifika wanakaa juu ya taili moja, wanakula chapati za mama Pritam, mke wa Gurbachan, kutoka sahani moja.

Tarehe 17 Desemba 1955 alifunga ndoa kanisani na Rakeli Chepkosgei, na Mungu akawajalia watoto wawili, Chepkurui aliyezaliwa mwaka wa 1957, ambaye sasa ni mwalimu, na Kipkemei aliyezaliwa mwaka wa 1960, ambaye mikono yake imeshaanza kunuka oili kama ya baba yake, asante Mungu.

Sasa nafika kwenye ile gari, na najua wengine wenu mmekuwa mkiningoja hapo tu.

Mwaka wa 1964 Gurbachan alinunua kwa mkulima aliyekuwa anahama gari ndogo ya michezo, ya viti viwili, paa la turubai, iliyokuwa imelala ghalani na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, injini yake imepasuka kwa sababu mwenyewe aliiendesha bila maji, na Gurbachan akaipenda, akasema lazima siku moja itanguruma tena. Miaka miwili walitafuta injini, mpaka mwaka wa 1966 wakapata moja kwenye gari ya kawaida iliyopinduka karibu na Gilgil, injini ya ukoo mmoja na ile ya kwanza, lakini imekaa kwenye mvua mpaka imeshika, haizunguki hata ukiining'inia. Wakamimina mafuta ya taa na oili ndani ya silinda, wakangoja, wakagonga polepole kwa kipande cha mbao, wakangoja tena, wakagombana, mpaka pistoni ya mwisho ikaachia, na siku hiyo, anasema Chepkosgei, mumewe alirudi nyumbani akiimba wimbo wa tohara barabarani bila aibu.

Injini ilikuwa bado vipande vipande mezani wakati mambo yalipogeuka, maana mwanzoni mwa mwaka wa 1968 Wahindi wengi wenye pasi za Uingereza walikuwa wanaondoka kwa haraka kabla Uingereza haijawafungia mlango, na Gurbachan na mama Pritam walikuwa kati yao. Tarehe 27 Februari Kiplangat aliwasindikiza stesheni akiwabebea masanduku, na pale kwenye jukwaa Gurbachan akatoa ufunguo wa ile gari, akauweka mkononi mwa mwenzake, akaufunga mkono huo kwa mikono yake miwili, akashindwa kusema neno lolote, na treni ikaondoka.

Wageni wetu mnielewe hapa, kwa sababu maisha ya marehemu yamesimama juu ya jambo hili. Kwetu sisi Wakipsigis, mtu akiwa na ng'ombe na anasafiri mbali, anamweka kwa rafiki anayemwamini, na hiyo tunaita kimanagan, na yule rafiki anakunywa maziwa, anamtibu, anamlinda na chui, lakini hamuuzi, hamchinji, wala hasemi ni wake, hata mwenyewe akikaa miaka kumi bila kuonekana, na siku mwenyewe anaporudi akakuta mnyama wake amenona, anakuachia mtamba wa asante. Basi Kiplangat alitoka stesheni akijua, bila shaka hata ya punje, kwamba amewekewa ng'ombe.

Akavuta gari kwa trekta mpaka hapa Njoro, injini akaileta kwa mkokoteni, na kwa sababu banda lilikuwa linavuja, mahali pakavu palipobaki ni jikoni kwa Chepkosgei. Mama huyu alivumilia, nawaambia, kranki ikawa inalala chini ya meza, ringi za pistoni zikaning'inia kwenye msumari mmoja na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na wageni wakija Krismasi wanaombwa wakunje miguu wasipige teke silinda hedi, mpaka akawa anawaambia wanawake wenzake kanisani kwamba yeye aliolewa peke yake lakini sasa ana mke mwenza wa chuma, na huyo mke mwenza ndiye anayefutwa kwa kitambaa kila jioni. Kiplangat alisaga valvu kwa mkono, ule mti wa kusagia akiupekecha kati ya viganja viwili kama babu alivyokuwa akipekecha vijiti vya moto, hana haraka, anasimama anaangalia, anapekecha tena. Mwezi wa Agosti 1970 aliiwasha mara ya kwanza, ikatoa moshi uliofanya majirani waje na ndoo za maji, kumbe ringi alizifunga juu chini, na badala ya kukasirika akasema Gurbachan angekuwepo angecheka mpaka akae chini, akaifungua yote tena. Jumamosi ya tarehe 2 Januari 1971 ikawaka, ikatulia, ikanguruma vizuri, na yeye akazima, akaingia ndani, akalia.

Tangu hapo aliiendesha kila Jumamosi, kutoka hapa mpaka dukani na kurudi, ili oili isilale, na hayo ndiyo maziwa aliyojiruhusu, hakuna harusi, hakuna kujionyesha Nakuru, hakuna kubeba hata mimi ndugu yake, nikimwomba ananiambia ng'ombe wa watu hapandwi mgongoni. Alipokuja bwana mmoja wa Gilgil kutaka kuinunua, mwaka wa 1975, wakati Chepkurui amepata nafasi ya chuo cha ualimu na nyumbani hakuna kitu, Chepkosgei alimlilia, wazee wa ukoo wakaitwa, wakamwambia Gurbachan hata kukukumbuka hakukumbuki, mtoto ni wako na gari ni chuma, na Kiplangat akawasikiliza wote mpaka mwisho, akawapa chai, kisha kesho yake akafungua zizi akauza ng'ombe wake mwenyewe wawili, wale wa maziwa, wa pekee. Mwaka mzima nyumba hii ilikunywa chai ya mkandaa, bila tone la maziwa, na gari ya mtu mwingine ikameremeta uani. Ukoo ulimcheka, Chepkosgei alimnunia mpaka mavuno, na yeye hakujitetea.

Jumamosi tarehe 14 Agosti 1976, Gurbachan alifika hapa, ndevu zimekuwa nyeupe, amekuja kutembea tu, na mtu wa dukani alikuwa ameshakimbia kuleta habari, hivyo alikuta gari imeoshwa, tangi limejaa, na Kiplangat amevaa koti la kanisani, amesimama akatoa hesabu kama desturi inavyotaka, kwamba mnyama wako huyu hapa, hana kovu, ringi aliumwa mara moja akapona, na maziwa niliyokunywa ni ya Jumamosi peke yake. Gurbachan akaangalia ufunguo mezani, akamwangalia rafiki yake, akasema, "Kiplangat, wewe wazimu? Gari mimi nakupa siku ile ile, ya kwako!", kwa sababu kwa upande wake, ufunguo ukiutia mtu mkononi namna ile umempa, na miaka yote hiyo alidhani wameiuza zamani wakasomesha watoto.

Kiplangat alikaa kwenye kigoda. Aliyesema ni Chepkosgei, aliyepiga yowe moja, uuui, akatupa kitambaa chini, halafu huyu huyu aliyekuwa amenuna kwa ajili ya gari hiyo ndiye aliyemweleza Gurbachan habari yote ya kimanagan na ya wale ng'ombe wawili, akimtetea mumewe mbele ya kila mtu. Gurbachan aliuliza jambo moja tu, kwamba mwenye ng'ombe akimkuta amenona anafanya nini, akajibiwa anaacha mtamba. Basi akachukua ufunguo, akamketisha Kiplangat kiti cha abiria, mahali ambapo hajawahi kukaa, wakaenda mpaka Elburgon wakipigiana kelele juu ya gia njia nzima, na waliporudi akaufunga tena ule ufunguo ndani ya mkono wa mwenzake, na safari hii akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Ng'ombe yangu nimechukua, nimepanda, nimeshiba. Hii sasa ni mtamba."

Mwezi wa Juni mwaka huu marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa hospitali ya Nakuru mara mbili, na Alhamisi tarehe 9 Novemba 1978, saa kumi alasiri, akatuaga, Chepkosgei akiwa amemshika mkono, na neno lake la mwisho kwa mama huyo lilikuwa kuhusu gari, kwamba sasa ni yake kabisa, aiuze akitaka, asije akamtunzia mtu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana naye bega kwa bega, majirani mliotukamulia maziwa yenu wakati yetu hayapo na mkatukamulia tena wiki hii, mafundi wenzake wa Nakuru mliochonga jeneza, na Bwana Gurbachan, ambaye simu ya maandishi aliyotuma kutoka Uingereza ina neno moja tu, ndugu.

Mama yetu, Chepkosgei, watoto, tulimwita Kiplangat wetu, na huenda hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu yeye alikuwa kimanagan, tumewekewa miaka arobaini na saba, tukanywa maziwa yake asubuhi na jioni, na Mwenyewe amekuja. Hatumrudishi amekonda. Na mtamba wa asante tumeachiwa, hawa wawili wameketi hapa mbele.

Asante, arap Chumo, hesabu yako imekubaliwa. Pumzika sasa kwa amani.