Michungwa Niliyoikwangua

Sogeeni, wanangu, wewe mkubwa zima hiyo redio, na wewe kitindamimba acha kulia unisikie, maana pumzi yangu imekuwa fupi na jambo lenyewe nimelikalia miaka thelathini.

Shamba ni lenu watatu, hilo mnalijua. Nataka kusema habari za michungwa na za shangazi yenu.

Zamani kila mchungwa hapa ulikuwa na okidi, yale maua meupe yanayoota juu ya matawi, mizizi ikining'inia hewani, na yakichanua wapita njia walisimama kunusa. Mimi nilikuja hapa bibi harusi mwenye bidii, nikaamini yananyonya miti. Nikachukua kisu nikakwangua mti baada ya mti, nikawafundisha majirani, nao wakakwangua yao, wakanisifu. Shangazi yenu akanishika mkono: "Wifi, yamekaa tu hapo, hayali cha mtu." Nikamwita mvivu. Nikamsemea kwa baba yenu kila siku mpaka akafungasha nguo zake akahamia ng'ambo ya mto, na ninyi nikawalea mkiamini anatuchukia.

Upande huu halikubaki hata moja. Na machungwa hayakuongezeka. Baadaye bwana shamba alinieleza taratibu, bila kunicheka, kwamba ua lile hunywa mvua na umande, mti ni kiti chake tu. Siku ile nilipita nikiishika michungwa, mmoja mmoja.

Na huyo niliyemfukuza, nilipolazwa mwezi uliopita, ndiye aliyekuwa akinifulia mashuka, akiondoka kabla hamjafika ili asiwaudhi.

Basi chumba cha mbele ni chake, mpende msipende. Nendeni wote watatu mkamwite. Msiseme tulikosana; semeni mama alikosa. Kwake okidi bado zipo. Akiwapa chipukizi, msilifukie udongoni, lifungeni kwenye gome la mchungwa kwa kitambaa cha nguo yangu, waya unakata… Asipowapa, msimnunie.

Maji… basi, yanatosha. Mungu awape mikono isiyo na haraka ya kung'oa. Awape… mbona mnanitazama? Nendeni sasa, jua lingali juu. Msinisubiri mimi.