Mtihani wa Kihispania

Ndani ya basi la jijini San Antonio, Eulalia Treviño alikaa dirishani, mjukuu wake Ramiro pembeni. Binti wa kiti cha mbele, mgeni kwao, alikuwa amegeuka na begi lake la jeshi mapajani, akimpa kijana somo la bure.

"Chuo si lazima ukae darasani kila somo, kaka. Mimi mafunzo yangu ya jeshi yamehesabiwa kuwa alama za chuo. Mdogo wangu alianza masomo ya chuo akiwa bado sekondari." Akasoma kitambulisho cha kazi shingoni mwa Ramiro. "Treviño! Kwako ni mteremko. Fanya mtihani wa Kihispania asubuhi moja tu, utoke na alama za mwaka mzima."

"Sikijui."

"Acha utani! Na jina hilo la Kihispania?"

"Bibi hakutufundisha. Tukimwomba, anatutegea vitendawili kwa Kiingereza."

Eulalia akajifanya anatafuta kitu mkobani. Utotoni mwalimu alimchapa kwa neno moja la Kihispania, lugha ya mama yake, lililomponyoka darasani, naye akaapa kwamba wanawe hawatachapwa. Kweli, hawakuchapwa.

"Bibi, hujachelewa," binti akasema. "Mwanzishie leo."

"Niambie lolote, Bibi," Ramiro akasema kwa upole.

Eulalia akafungua kinywa, akakifumba. Uso ulimwaka kama wa mtoto aliyesimamishwa mbele ya wenzake.

Basi likasimama kituoni kwao, wakainuka kushuka. Dereva, mzee mwenzake, akamuaga kwa Kihispania, "Siku njema, mama."

Eulalia akamjibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea. Nyuma yake Ramiro alikuwa amemshika kiwiko, asijikwae.