Injini Iliyokula Masikio ya Kishindo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Mwenye chungu jikoni apunguze moto kidogo, maana haya nisingependa uyasikie nusunusu.

Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa fundi wa misumeno ya mnyororo, ile mashine ya kukatia miti ambayo wengi tunaiita chenso. Mtaa ulimpa jina la Kishindo. Kishindo amefariki. Ameangukiwa na mti aliokuwa akiukata kwa mkono wake mwenyewe.

Na kuna jambo moja. Ukimwondoa marehemu, hadi siku ya mazishi lilijulikana na mtu mmoja tu. Kishindo alikuwa hasikii. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Fundi yule aliyesifiwa kwa sikio lake kuliko mafundi wote alikuwa hasikii. Mjane wake ndiye aliyetuomba tuliseme hewani. Anasema amechoka kulibeba peke yake.

Tuanzie mbali kidogo. Kishindo alikuwa mkata miti, yeye na mdogo wake. Walikuwa na chenso moja, ndogo, ya mtumba. Vijana wa kiwanda cha mbao, wenye mashine kubwakubwa, walikuwa wakiwapita barabarani huku wakiwatania. "Kaka, hiyo ya kukatia kucha?" Kishindo hakujibu kitu. Mdogo wake anasema kaka yake akinyamaza namna ile, ujue kuna kitu kinapikwa.

Na kweli kilipikwa, tena nyumbani. Nimefika pale. Chumba cha mbele kina cherehani ya mkewe, maana mkewe ni fundi wa nguo, na magauni ya wateja yametundikwa ukutani. Nyuma ya pazia ipo meza ya Kishindo. Kuna jiliwa la kubania, bisibisi, msasa, na bakuli la petroli la kuoshea vyuma. Hapo aliifungua injini mpaka matumbo. Akachukua tupa ya mviringo, ile ya kunolea meno ya mnyororo, akalipanua tundu la kutolea moshi kwenye silinda. Anasugua, anapuliza, anapitisha kidole, anasugua tena. Akaondoa gasketi ya chini ya silinda ili hewa ibanwe zaidi. Akaitoboa eksozi ili moshi upumue. Kisha akaitoa uani, akavuta kamba.

"Magauni yalicheza ukutani," mjane anasimulia. "Nikatoka mbio, nikijua nyumba inakuja chini. Namkuta mwenzangu anacheka peke yake kama mwehu."

Kelele ile mnaikumbuka. Iliwahi kuingia hewani humu studioni wakati nasoma matangazo ya vifo. Nilikasirika kweli. Mtu mmoja akapiga simu kuuliza kama marehemu ameanza kuzikwa na trekta.

Sasa nisikilizeni hapa, maana shari iliingilia hapa. Injini iliyoongezwa nguvu hupangwa kwa sikio. Petroli ikipungua, inalia kwa sauti nyembamba, inapata joto, pistoni inaungua. Petroli ikitosha, inakoroma kidogo ikifika juu. Fundi anagusa skrubu ya kabureta kidogo tu, anasikiliza, anagusa tena. Kwa hiyo Kishindo hakuvaa vizibo vya masikio hata siku moja. Mdogo wake alimletea, akavitundika kwenye msumari. "Nikiziba masikio, injini nitaongea nayo kwa barua?" Watu wakacheka. Watu wakamsifu. Wakamletea chenso zao nao, azipe nguvu. Zote alizitoboa eksozi, na zote aliziinamia akiwa na masikio wazi.

Miaka ikaenda. Mchana mmoja binti yake mdogo alimwita kutoka nyuma. "Baba." Hakugeuka. "Baba!" Hakugeuka. Mtoto akacheka, akadhani anachezewa. Mama yake hakucheka. Aliinua mkasi wake mkubwa, akauachia sakafuni, nyuma kabisa ya mgongo wa mumewe.

Mume akaendelea kupiga msasa.

Mama alimbembeleza waende hospitali. Alikataa katakata. "Wakijua, nimekwisha," alimwambia. "Nani atamletea fundi kiziwi injini? Na mdogo wangu atakubali vipi kuingia kwenye miti na mimi? Nisitiri, mama watoto." Mama akamsitiri. Anasema hivi: "Alikuwa mume wangu. Ningefanyaje?"

Wakatengeneza ishara zao. Injini ikiwaka uani, mama, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa ameizoea sauti yake, alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni. Kidole juu, ongeza. Kidole chini, punguza. Kiganja wazi, basi, imekaa sawa. Wateja wakamtania: "Kishindo umekaliwa na mkeo hadi kwenye kabureta!" Naye alicheka nao, kwa sababu aliwaona wanacheka.

Nyumbani, basi, alikuwa na masikio ya kuazima. Kwenye miti hakuwa nayo.

Wakata miti wana utaratibu wao. Mmoja anakata. Mwingine anasimama mbali, macho kwenye kilele, na kazi yake ni kupiga kelele mti ukienda vibaya. Kabla ya mkato wa mwisho, mkataji anashusha mashine, anainamisha kichwa, anausikiliza mti. Mti hulia ndani kabla ya kuanguka. Anamsikiliza na mwenzake. Kisha anamalizia. Kishindo hakuuacha utaratibu huo hata mara moja. Kila mti, alishusha mashine. Kila mti, aliinamisha kichwa. Mdogo wake alimwona, akatulia. Angejuaje kwamba kaka yake alikuwa akisikiliza kimya kitupu?

Siku ya mwisho kulikuwa na mti mkubwa uliokauka nyuma ya zahanati. Wa kiwandani walikuja, wakautazama, wakasema watarudi. Kishindo akasema wasijisumbue. Asubuhi aliipanga injini uani, mama mlangoni, mpaka kiganja kikafunguka. Mama anasema haikuwahi kukaa vizuri vile. Mdogo mtu alipofika kumchukua, mama alimsogelea. Neno lilimfika mdomoni. Akamwona mumewe anamtazama midomo. Akasema tu, "Shemeji, mwangalie kaka yako." Shemeji akacheka: "Huyu ndiye anayetuangalia sisi, shemeji."

Ule mti ulikuwa umeoza katikati, na kwa nje hakuna aliyeona. Kilele kilianza kurudi upande wa Kishindo. Haya ni maneno ya mdogo wake, naomba niyasome kama alivyoyasema.

"Nikapiga kelele, 'Kaka, toka!' Nikapiga tena, 'Kaka, toka!' Hapo hapo akashusha mashine. Akainamisha kichwa. Nikashusha pumzi, nikajua amenisikia. Nikanyamaza. Nikageuka kuwahi kuwaondoa watu waliokuwa karibu na ukuta wa zahanati. Nyuma yangu nikaisikia mashine inapanda tena."

Wasikilizaji wapendwa, alinyamaza kwa sababu alijua amesikika.

Mjane alimwambia ukweli pale pale makaburini, udongo haujakauka. Alidhani shemeji yake atamfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Mdogo mtu alisema tu, "Shemeji, ningejua ningemrushia hata jiwe."

Nami nasema wazi, nimeumia. Nawapenda wote wawili na sijui wa kumlaumu. Kishindo alitaka tu mashine yake isichekwe. Mkewe alitaka tu mumewe asichekwe.

Kwa mjane, kwa binti na ndugu zake, kwa mdogo wa marehemu ambaye hadi leo hajashika kazi, poleni. Poleni sana. Mungu amlaze pema fundi wetu, na awape nguvu mnaobaki kutazamana mezani.

Na wewe unayenisikiliza, kama yupo mtu wako anayechelewa kugeuka ukimwita, usicheke. Zunguka, simama mbele yake, mwulize. Na kama tayari unajua, na umemfichia kwa mapenzi, usiondoke hapo ulipo kabla hujajiuliza swali moja. Ni nani mwingine anayemtegemea leo, na atanyamaza wakati wa kupiga kelele, kwa sababu wewe hukumwambia?