Mfuko wa Alhamisi: Kumuaga Muuguzi Wetu, Tuulikki Haapasaari

Jumamosi, tarehe 31 Mei 2025, wanafunzi wakishaimba wimbo wa kiangazi wa kufunga mwaka wa masomo na kutawanyika, Tuulikki Haapasaari atafunga chumba cha muuguzi kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia Shule ya Koivuranta miaka thelathini na miwili kasoro miezi miwili. Miezi hiyo ameitaja mwenyewe, maana hapendi kusifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya.

Alifika Agosti 1993 na baiskeli na kikapu cha uzi wa sufu. Wiki ya kwanza alibandika karatasi juu ya namba za mizani, ili mtoto anayepimwa asione aibu mbele ya wenzake. Kwenye mikutano ya walimu alifuma soksi. Zilivaliwa na yeyote aliyeingia kwake na miguu iliyolowa, na sikumbuki kuona hata jozi moja ikirudishwa. Mwaka 2004 golikipa wa timu ya hoki ya mji, mwanafunzi wetu mkubwa kama kabati, alizimia kabla sindano haijamgusa, akamwangukia Tuulikki na kumvunja kifundo cha mkono. Tuulikki alimfunika blanketi kwanza, ndipo akaenda hospitali.

Kila siku, saa nne hadi saa sita, mlango wake ulikuwa wazi bila miadi. Wengi walisema wanaumwa na kichwa. Alijua kwamba kichwa ni njia tu ya kuingilia, akawaacha wakae mpaka kitokee kile kilichowaleta.

Machi 2020 ugonjwa ulifunga shule, na mlango ule ukafungwa nayo. Masomo yalihamia kwenye kompyuta. Kila mchana jiko la shule lilifunga chakula kwenye mifuko yenye majina, na Tuulikki akakigawa uani. Pekka, mwalimu wa michezo, alimtania kwamba hatimaye amepata kazi ya posta. Baada ya zamu hiyo Tuulikki aliwapigia simu wanafunzi, mmoja mmoja, akiwauliza kama wako sawa.

Saimi alikuwa darasa la tisa, ana miaka kumi na mitano. (Sasa ana ishirini, amesoma ukurasa huu, na ametaka jina lake libaki.) Alituma kazi zake kwa wakati, kamera yake ikiwa imezimwa. Mara tatu Tuulikki alimpigia, na mara tatu akajibiwa, "Niko sawa tu." Mara tatu akaandika kwenye daftari: sawa.

Kosa hilo lilikuwa letu sote. Katika mji huu mtu akisema yuko sawa, kumuuliza tena ni kumdharau, na kubisha hodi bila kuitwa ni zaidi ya dharau. Nilikozaliwa mtu huulizwa hali mara nne kabla hajaketi. Hapa nilijifunza kuuliza mara moja, na adabu hiyo niliishika kuliko wenyeji. Tuulikki alipotaja jina la Saimi kwenye kikao, mimi, mtunza maktaba, ndiye niliyesema tumwache msichana apumue.

Alhamisi ya wiki ya nne ilikuwa, kama Alhamisi zote, siku ya supu ya njegere na pankeki yenye jamu. Saa saba mfuko mmoja ulikuwa ungali mezani. Ulikuwa wa Saimi. Tuulikki aliuchukua, akasema kwamba mtoto anaweza kuikimbia hesabu, anaweza kumkimbia hata muuguzi, lakini katika miaka yake yote hajaona aliyeikimbia pankeki ya Alhamisi. Akapanda baiskeli.

Kuingia ndani kulikatazwa, kwa hiyo alisimama chini ya dirisha la Saimi, lililokuwa ghorofa ya tatu, akapiga simu. Saimi alimwambia auache mfuko mlangoni. Tuulikki akajibu kwamba ana kahawa kwenye chupa na hana haraka. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka. Baada ya dakika arobaini msichana alishuka, amevaa mabuti ya baba yake, ambaye alikuwa kazini melini mwezi mzima.

Walitembea kando ya ghuba, hatua tatu baina yao. Walipofika kwenye gati Saimi akasema, "Nilidhani hata nisipokuwepo kabisa, hamtajua."

Tuulikki hakumbembeleza. "Mimi sikujua," alisema. "Niliuliza vibaya mara tatu. Nisamehe. Sasa nauliza vizuri: umefikiria kufa?"

Saimi alisema ndiyo. Kisha akala pankeki pale pale kwenye gati, kwa mkono, ikiwa baridi.

Tuulikki hakumwacha peke yake siku ile mpaka shangazi yake alipofika kutoka mji wa jirani. Daktari alimwona kesho yake, na nafasi ya mwanasaikolojia ilipatikana baada ya wiki tano. Wiki hizo tano walitembea kila siku. Kutembea si tiba, Tuulikki hukumbusha, ila humfikisha mtu kwenye tiba. Kufikia Juni alikuwa anatembea na wanafunzi ishirini na watatu kwa zamu, na Pekka alikiri kwamba kazi yake imeibiwa. Tangu hapo Tuulikki haulizi tena, "Uko sawa?" Huuliza, "Leo umekula nini, na nani?" Swali hilo sasa tunaliuliza wote shuleni, hata mimi.

Kwa kuagwa alikataa hotuba na keki, akaomba chakula cha Alhamisi. Saimi, ambaye anajifunza ufundi umeme, alisafiri saa mbili kwa treni, akala sahani mbili, akatengeneza na taa ya maktaba iliyonishinda tangu Krismasi.

Asante, Tuulikki. Nenda kwenye nyumba yako ya ziwani, na majira yote yakukute na afya. Tunajua unapenda kimya, nasi tutakiheshimu kwa kiasi. Kikizidi, Alhamisi moja utatuona chini ya dirisha, na mfuko wenye jina lako. Hatutakuwa na haraka.